Barua ya wazi: Tangazeni joto la bahari kama mnavyotangaza upepo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Ofisi ya Makamu wa Rais. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Kwa wakuu wa mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Nakala kwa wenzenu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa samaki wa Mkondo wa Pemba hawajui lipi ni jambo la Muungano na lipi si la Muungano.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na poleni na majukumu.

Naandika kutoka pwani ya Tanga. Ombi langu nalitanguliza, ili hata atakayeiacha barua hii kwenye aya ya kwanza awe amelipata: bahari inapopanda joto la kuua matumbawe, tutangazieni. Tutangazieni redioni, kwa Kiswahili, kabla joto lenyewe halijafika, kama mnavyotutangazia upepo mkali na mawimbi makubwa, na nyuma ya tangazo hilo pawe na mpango unaojulikana wa nani afanye nini.

Mtakumbuka Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. TMA ilitoa taarifa juu ya taarifa. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, wavuvi wakavuta ngalawa zao hadi minazini, watu wakapigiana simu kuulizana nani bado yuko majini. Kimbunga kikatua Mafia, kikapungua nguvu, kikaisha. Siku zile hakuna kiongozi aliyesimama akasema kwamba kwa kuwa Serikali haiwezi kukizuia kimbunga, basi hakuna haja ya kukitangaza. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo jibu ninalopewa kila nikizungumzia joto la bahari: "Sasa unataka Serikali ikapoze maji?"

Chini ya wiki tatu kabla ya Hidaya, tarehe 15 Aprili 2024, shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, na mpango wa kimataifa wa miamba ya matumbawe, ICRI, walitangaza kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la matumbawe kupauka kwa pamoja. Katika nchi zilizothibitishwa, Tanzania ilitajwa kwa jina, pamoja na Kenya, Mauritius, Shelisheli na Mayotte. Habari hiyo ilisomwa London na New York siku hiyohiyo. Dikoni kwetu, pale wavuvi wanaposhushia samaki, haikufika. Unaweza kusema hatukuihitaji, maana tulikuwa tumeshaona kwa macho. Lakini anayeambiwa jambo baada ya kuliona hajatahadharishwa.

Kwa ambaye hajawahi kukanyaga mwamba maji yakitoka, nieleze kidogo. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake hukaa vimwani vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyopika chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya riziki ya tumbawe hutoka humo. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikadumu, tumbawe huvitoa vimwani hivyo nje. Linabaki na nyama iliyo wazi kama kioo, na chini yake mfupa mweupe wa chokaa. Wataalamu hujumlisha, wiki hadi wiki, nyuzi ambazo joto limezidi kiwango hicho: jumla ikifika 4, kupauka huanza kuonekana, ikifika 8, vifo vingi vinatarajiwa. Joto likishuka mapema, vimwani hurudi na tumbawe linapona. Likichelewa, ndiyo basi.

Kwetu majira ya hatari yanajulikana hata bila kipimo. Kaskazi inaisha, kusi haijashika, upepo unakufa. Hayo ndiyo maleleji. Bahari inalala, maji yanakuwa maangavu hadi unaona chini, jua linashuka moja kwa moja mpaka mwambani, na hakuna mawimbi ya kuchanganya maji ya juu na ya chini. Wazee waliyapenda maleleji kwa sababu mtumbwi mdogo unaweza kufika mbali. Siku hizi mvuvi akitia mkono majini mwezi wa Machi anautoa anatikisa kichwa.

Na kinachoonekana mwanzoni kinadanganya. Matumbawe ya matawi, ambayo siku zote ni ya kahawia, huanza kuwaka rangi: zambarau, buluu ya kung'aa, manjano, waridi. Mgeni aliyekuja na boti ya utalii hupiga picha, na nahodha humwambia amebahatika. Baada ya hapo rangi zinaondoka, panabaki weupe ambao jua la saa sita likiupiga unaumiza macho. Wiki kadhaa zikipita ukipapasa tawi lilelile linateleza. Limeshaota ukoga wa kijani na kahawia, na ukoga ukishashika, lile tumbawe limekufa. Kitatange bado wanazunguka palepale, wawili wawili, wanadonoa mahali ambapo hapana tena kitu cha kudonoa. Kina mama wanaotafuta pweza kwa miguu huwa wa kwanza kujua, kwa sababu wao wanaupita mwamba hatua kwa hatua, wameinama, wakichungulia kila tundu. Sijawahi kumwona ofisa yeyote akiwauliza wameona nini.

Hapa naomba Wizara ya Uvuvi inisikilize kwa makini, maana hapa ndipo takwimu zenu zitakapowapoteza. Mnapima bahari kwa kilo zinazofika mnadani. Sasa, mwamba ukiungua mwaka huu, kilo za mwaka huu huenda zisipungue hata kidogo. Mwaka kesho pia. Huenda hata zikaongezeka! Sababu ni kwamba tumbawe lililokufa bado limesimama, matundu na mapango yake bado yapo, na juu yake imeota mimea ambayo ndiyo malisho ya tasi. Tasi wanajaa madema. Mtakwimu anaandika kwamba hali ni nzuri, ripoti inapanda hadi Dodoma, na huko inasomwa kwamba sekta inakua.

Shelisheli walipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1998, El Niño ilipoipasha joto Bahari ya Hindi, visiwa vyao vya ndani vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Samaki hawakutoweka siku ile. Tasi waliendelea kuvuliwa kwa wingi, ila pato likawa la kupanda na kushuka bila mpangilio. Kilichofuata kilichukua miaka: mifupa ya matumbawe ikaliwa na wadudu, ikapigwa na mawimbi, ikavunjika ikawa changarawe, na samaki wanaohitaji nyumba wakakosa pa kukaa. Watafiti waliofuatilia miamba 21 huko waliandika mwaka 2015 kwamba 12 ilikuwa imerudi na 9 ilikuwa imegeuka shamba la mwani. Iliyorudi ilikuwa na sifa zake: ipo kwenye kina zaidi, ina mabonde na mapango mengi, ina samaki wa kutosha wanaokula mimea. Ukisubiri kilo za mnadani zikwambie mwamba umekufa, utaambiwa miaka kumi baadaye, wakati changarawe haiwezi tena kurudishwa kuwa pango.

Anayeujua ukweli mapema ni mama mkaanga samaki. Zamani alinunua samaki kwa kuhesabu: changu wawili, chewa mmoja wa kukata vipande. Sasa ananunua kwa fungu. Nilimkuta mmoja ameinamia beseni lake, anachambua pono wa kiganja. "Hawa wananiokolea mafuta, mwalimu," akaniambia, "wanaiva kabla karai halijapata moto vizuri. Ila mteja halipi hela akale miiba." Kilo za beseni lile zimeandikwa kwenye daftari la diko. Ukubwa wa samaki haukuandikwa, na aina zao hazikuandikwa.

Joto hili halijaishia kwenye matumbawe. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, ambao wengi wao ni wanawake na kilimo chao kilianza mwaka 1989, wamekwisha kuona aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikifia kwenye maji ya kina kifupi, wakabaki na spinosumu yenye bei ndogo. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, amefanya kazi kubwa kuwafundisha kulima kwa nyavu kwenye kina zaidi, kwenye maji ya afadhali. Lakini kina kinataka chombo na kinataka kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hao hawana kimoja wala kingine.

Nirudi kwenye ombi. Mtaniuliza: hiyo tahadhari itatoka wapi? Waheshimiwa, tahadhari ipo. NOAA inapima joto la bahari ya dunia nzima kwa setilaiti na kutoa makadirio ya hadi miezi minne mbele, bure, kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Hapo Mombasa, taasisi ya CORDIO, inayotafiti matumbawe, imekuwa ikitoa taarifa za hatari ya kupauka kwa matumbawe kwa ukanda wetu wote. TMA wenyewe, wakitoa utabiri wa vuli au masika, hawaachi kutaja joto la Bahari ya Hindi. Wanalitaja kwa sababu linaleta au linazuia mvua, ili mkulima wa Same na wa Bukoba ajue apande lini. Namba ni ileile. Kinachokosekana ni sentensi moja zaidi, ya Kiswahili, inayomwambia mtu wa Kigombe, wa Jibondo, wa Songosongo na wa Msimbati kwamba joto hilohilo litamfikia yeye kabla halijawa mvua ya mtu mwingine.

Mna hata ngazi za kutumia. Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa: watu wameshazizoea. Mzee ambaye hajawahi kuingia darasani anajua tofauti ya angalizo na tahadhari ya upepo, na anajua ni lini asukume mtumbwi na ni lini alale.

Na tangazo litasaidia nini? Hapa sitaki tudanganyane. Hakuna BMU, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, itakayopoza bahari. Ila tumbawe lililopauka ni kiumbe kilichoishiwa nguvu, na wiki zile kila anayelibughudhi anachangia kuamua lipone au life. Nanga inayodondoshwa juu yake, tope la uchimbaji linaloletwa na mkondo, maji machafu ya mji, juya linaloburuzwa, miguu ya watalii: vyote hivyo vinazuilika, tena kwa wiki chache tu za mwaka. Tangazo la angalizo likitoka Februari, mkandarasi wa kuchimba kina aambiwe asimamishe mashine hadi maji yapoe. Waongoza watalii wafunge boti kwenye maboya, na kama hakuna maboya, yawekwe. Boya halina bei ya kutisha bajeti ya halmashauri. Likifika tahadhari kubwa, baadhi ya miamba ifungwe kabisa, hasa kwa samaki wanaokula mimea: pono, tasi, kangaja. Hao ndio wanaokwangua ukoga, na palipokwanguliwa ndipo kinda la tumbawe linaposhika. Ukiwavua wote mwaka ambao mwamba umeungua, umeupalilia ukoga.

Najua wavuvi watakaosoma hapa watanuna. Kufungiwa mwamba ni kufungiwa chungu. Ndiyo maana sisemi mfunge kisha mwondoke. Mkulima mnampa mbolea ya ruzuku, na ukame ukizidi mnampelekea mahindi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo. Joto la bahari liingizwe humo, lihesabiwe kuwa janga kama ukame, ili kaya inayofungiwa mwamba kwa miezi mitatu ipate cha kuishikilia, na ipate kabla ya kufungiwa. Kisiwa Panza, kule Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa ajili ya pweza na kuifungua baada ya miezi kadhaa, na watu wamekubali kwa sababu siku ya kufungua wanaona faida mikononi mwao. Anayesema mvuvi hawezi kusubiri hajakaa na wavuvi. Mvuvi anasubiri kila siku: maji yajae, maji yatoke, upepo ugeuke. Asichoweza ni kusubiri na watoto wana njaa.

Boti za mkopo mmetoa, na waliozipata wanashukuru. Zinawatoa watu mwambani, zinawapeleka kwenye jodari na nguru wa maji makubwa. Lakini anayetafuta pweza kwa miguu hapewi boti. Mtoto wa mshipi hapewi boti. Mama wa beseni hapewi boti. Mwamba ukienda, hao ndio wanaobaki ufukweni.

Mkisema hamna uwezo, nitawakumbusha mabomu. Kwa miaka mingi pwani hii, Tanga hasa, ilikuwa inapigwa mabomu mchana kweupe. Ulikuwa ukisikia mlio ukiwa unakunywa chai, ukajua pale panapofuka moshi wa maji kuna mwamba umesambaratika. Tuliambiwa haiwezekani kudhibiti, pwani ni ndefu, doria haina mafuta, mabomu yanatengenezwa vichochoroni. Serikali ilipoamua kwelikweli, vyombo vyote vikakaa meza moja kuanzia mwaka 2015, na ndani ya miaka michache milio ikapungua kwa kiasi ambacho hatukukitarajia. Kwa hiyo uwezo upo. Ila ingekuwa huzuni kubwa kama mwamba ulionusurika baruti ungekuja kufa kwa kukosa tangazo la redio.

Neno kuhusu kupanda matumbawe, kwa kuwa naona limekuwa fasheni. Sina ugomvi na vitalu wala na vijana wanaovihudumia; baadhi yao niliwafundisha hesabu. Lakini nimeona hafla nyingi ambazo mgeni rasmi anakabidhiwa kipande cha tumbawe, anapigwa picha, fulana zinagawiwa, mwaka unaofuata hakuna anayeuliza kipande kile kiko wapi. Florida, Julai 2023, bahari ilichemka kiasi kwamba wataalamu walilazimika kuyatoa matumbawe ya vitaluni na kuyahamishia kwenye matangi ya nchi kavu. Sisi hatuna matangi hayo. Mradi wowote wa kupanda matumbawe usioanza kwa kuuliza joto la Machi litakuwaje ni mradi wa picha. Na fulana za semina tunazo za kutosha.

Kuna jambo la Tanga peke yake, na naomba Mkuu wa Mkoa alisome mara mbili. Desemba 2021 watafiti wakiongozwa na David Obura wa CORDIO walichapisha tathmini ya miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, takriban asilimia 5 ya miamba yote ya matumbawe duniani, wakasema yote iko katika hatari ya kusambaratika ndani ya miaka 50. Wakati huohuo, Tim McClanahan na wenzake, ambao wamepima miamba ya ukanda huu kwa miongo mingi, wameonyesha kwamba kipande cha mpakani, kuanzia Shimoni, Kenya, kushuka Tanga na kuelekea Pemba, kimekuwa na nafuu, kwa kuwa Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu na maji yake ya baridi hupanda kuipoza miamba. Yaani katika bahari inayochemka, kimbilio mojawapo lililobaki liko mlangoni kwetu. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, hapa Tanga, tunayo tangu 2009. Mazungumzo ya eneo la hifadhi la pamoja na Kenya tumeyasikia miaka na miaka; tungependa sasa kusikia sahihi.

Na mlango huohuo ndio mliouchagua kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima. Kilomita 1,443, linapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda, hadi Chongoleani, ambako meli zitayapakia. Sijidai kwamba barua ya mwalimu italisimamisha. Mkataba mmetia saini, mabomba yamelazwa, na wapo vijana wa mtaani kwangu waliopata kibarua. Lakini mafuta hayo yakichomwa, popote yatakapochomwa, joto lake linarudi hapahapa. Kwa hiyo naomba kitu kinachowezekana: sehemu ya mapato ya nchi kutokana na bomba itengwe kisheria kwa ajili ya miamba ya Tanga na watu wake, isiingie mfuko mkuu ikapotelea huko. Na mpango wa kukabiliana na mafuta yakimwagika ubandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili, ujulikane na BMU kabla meli ya kwanza haijafunga gati.

Najua pia mnavyosema mkiwa kwenye mikutano ya COP, ile ya dunia ya mabadiliko ya tabianchi, na mnasema kweli: Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya hewa chafu inayopasha dunia. Wanasayansi wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, walieleza mwaka 2018 kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya miamba ya matumbawe itapotea, na likifika nyuzi 2 itapotea karibu yote. Deni hilo si letu. Lakini Mfuko wa Hasara na Uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulizinduliwa Dubai mwaka 2023 na kuahidiwa takriban dola milioni 700; fedha hiyo inagombewa na dunia nzima, na anayekwenda na kumbukumbu ndiye anayesikilizwa. Tutadai hasara gani ya mwaka 2024 ikiwa hakuna ofisi iliyoandika ni mwamba upi ulipauka, lini, na kaya ngapi zilikuwa zinautegemea? Hapo nako tangazo lina kazi. Likitoka, BMU zinajua ni wakati wa kwenda kuangalia. Kila kijana ana simu yenye kamera. Mpeni namba moja ya kutuma picha na mtu mmoja wa kuzipokea. Kumbukumbu hizo zitakuwa ushahidi wa nchi, na hazitagharimu semina hata moja.

Kumbukeni pia kwamba mapumziko yanazidi kuwa mafupi. Kati ya kupauka kukubwa kwa 1998 na kwa 2016 tulipata miaka 18. Kati ya 2016 na 2024 tukapata 8. Matumbawe ya matawi yanahitaji miaka kumi na zaidi kurudi vizuri. Yale ya vichwa vikubwa hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Tukio la 1998 liligusa kwa joto asilimia 21 ya miamba ya dunia. Hili la nne, kufikia Machi 2025, lilikuwa limegusa asilimia 84.

Kwa hiyo nawaomba hivi. TMA wateue ofisa mmoja, Wizara ya Uvuvi mmoja, wakae na BMU za pwani kabla kaskazi haijaanza kulegea, tuandike pamoja maneno ya tangazo la kwanza. Yasiandikwe mjini kisha yakaletwa. Sisi tutawaambia mwamba upi huungua kwanza, saa ngapi wavuvi wako karibu na redio, na neno lipi likitumika watu watafikiri ni habari za kimbunga na kukimbilia nchi kavu. Mkija, njooni bamvua la Machi, asubuhi, maji yakiwa yametoka, na viatu vyenye soli ngumu. Kina mama wa pweza watawatangulia. Wao hawapunguzi mwendo kwa ajili ya mgeni, na maji yakianza kurudi wakisema tuondoke, msibishane nao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na mtoto wa mvuvi,
Pwani ya Tanga